Toba, Radhi na Sheria: Maungamo ya Waumini katika Mji wa London

Chanzo cha mtafaruku

Mnamo tarehe 7 Novemba 2024 Kanisa la Uingereza liliitoa hadharani taarifa ya Keith Makin juu ya mambo ya John Smyth, wakili mwenye jina kubwa na mwenyekiti wa amana ya Iwerne iliyosimamia makambi ya Kikristo ya wavulana wa shule za wenye uwezo, ambaye katika miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980 aliwachukua vijana hao faraghani, akawasikiliza wakikiri dhambi zao, kisha akawachapa fimbo bandani nyuma ya nyumba yake hata damu zikawatoka, akiwaambia kwamba hiyo ndiyo njia ya toba. Juma halikwisha, Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, akatangaza kujiuzulu, kwa kuwa taarifa ilionyesha kwamba habari zile zilimfikia mwaka 2013 na hazikufuatiliwa kwa kadiri ilivyostahili. Tarehe 5 Desemba alisimama katika Baraza la Malodi kuaga. Katika hotuba yake akakitaja kwa mzaha kichwa cha mtangulizi wake Simon wa Sudbury, kilichokatwa na waasi mwaka 1381 penye Mnara wa London, tena akawataka wasikilizaji wamhurumie mtunza ratiba wake, ambaye kazi yake ya miezi mingi ilipotea kwa tangazo moja. Baadhi ya waheshimiwa walicheka. Waliodhulumiwa hawakucheka, na kesho yake ikambidi askofu aiombee radhi hotuba ile ya kuagia.

Mambo haya yalivuka mipaka ya Kanisa lile. Jumuiya za watu wa Afrika ya Mashariki walioko London, Wakristo kwa Waislamu, hazikukosa kujiuliza maswali yale yale: kasisi aliyeambiwa kosa zito katika maungamo, je, alifikishe polisi au afe nalo? Aliyesimama mbele ya jamaa akalia na kutubu, je, arejeshwe katika nafasi yake? Na aliyetendewa ubaya, akiambiwa kwamba dini inamwamuru kusamehe, je, ana haki ya kusema hapana? Kila upande una hoja, na aghalabu watu wa upande mmoja hawazisikii hoja za upande wa pili ila kwa kuzifanyia dhihaka. Muradi wa uchambuzi huu ni kuzipanga hoja hizo mbele ya msomaji, kila moja pamoja na nguvu na udhaifu wake, kisha kuzipima.

Madeni matatu katika kosa moja

Mtafaruku mkubwa hutoka katika kuchanganya mambo ambayo dini zenyewe tangu zamani zimeyatenga. Mtu amdhulumupo mwenziwe hubeba dhima tatu: anamkosa Mola wake, aliyemwekea mpaka akauruka, anamkosa mwenziwe, aliyemvunjia haki, mwili au heshima, na anaikosa jamii inayoishi kwa amani na sheria. Dhima ya kwanza huondolewa kwa toba, ya pili kwa kurudisha haki na kutaka radhi, na ya tatu kwa hukumu. Wayahudi, ambao sinagogi lao la Bevis Marks limesimama katika Jiji la London tangu mwaka 1701, wana fundisho la kale kwamba Yom Kippur, yaani Siku ya Upatanisho, haifuti kosa baina ya mtu na mwenziwe mpaka mkosaji amwendee na kumridhisha. Waislamu nao hutenga haki za Mwenyezi Mungu na haki za waja. Na mapadri wa Kikatoliki hufunza kwamba mwizi aliyeondolewa dhambi bado ana wajibu wa kurudisha mali.

Kama fundisho ni wazi hivyo, mbona vitendo vimeharibika? Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba dhima ya kwanza ni nyepesi kwa jamaa kuliko nyingine mbili. Toba kwa Mungu hailipishi fidia, haimpeleki mtu gerezani, wala haitii jina la kanisa au msikiti magazetini. Basi wakuu wa dini, bila ya kunuia uovu siku zote, huona raha kuikamilisha ile ya kwanza kwa sala na machozi, kisha wakazihesabu zile mbili kuwa zimekwisha pamoja nayo.

Siri ya kitubio

Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215 uliwaamuru Wakristo wa Magharibi kuungama kwa padri walau mara moja kwa mwaka, na katika amri iyo hiyo ukamwonya padri asimfichue mwenye kuungama kwa neno wala kwa ishara. Sheria ya Kanisa Katoliki ya leo imelishika jambo hilo kwa ukali ule ule: padri anayeivunja siri waziwazi hujitenga na Kanisa kwa kitendo chake mwenyewe, na kuondolewa adhabu hiyo ni kazi ya Roma peke yake. Katika Kanisa Kuu la Westminster, ambako maungamo husikilizwa kila siku, mtu asiyejulikana huweza kuingia kutoka barabarani, akapiga magoti nyuma ya pazia, akasema aliyoyasema, akatoka, na padri asimwulize hata jina.

Katika Kanisa la Uingereza mambo ni magumu zaidi. Kanuni ya mwaka 1603 inayomzuia kasisi kufichua aliyoungamiwa haijafutwa hata leo, ila ilikuwa na tundu moja la ajabu, kwamba siri haimfungi ikiwa kosa lenyewe ni la namna ambayo kulificha kungemtia kasisi hatarini kupoteza maisha yake mwenyewe kwa sheria za nchi. Karne ya 19, mapadri wa mrengo wa Kikatoliki ndani ya Kanisa hilo walipojaribu kurudisha kizimba cha maungamo, Waingereza wengi walikiona kuwa ni uzushi wa kuingilia nyumba za watu na wake zao, na mwaka 1877 kitabu cha kuwafunza mapadri namna ya kuungamisha kilizusha ghadhabu katika Baraza la Malodi lile lile alimoagia Welby. Mrengo huo ndio uliowaleta Zanzibar wamisionari wa UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, mwaka 1864. Na misheni hiyo, yenye kanisa lake la Mkunazini juu ya soko la watumwa la zamani, ikayafanya maungamo mbele ya padri kuwa desturi ya waumini wake, na askofu wake Frank Weston akaja London mwaka 1923 kuongoza mkutano mkuu wa mrengo huo katika Ukumbi wa Albert. Kwa hiyo Mwanglikana wa Zanzibar au Tanga anayeingia parokia ya mtaani London, akaona watu wanakiri dhambi zao wote kwa pamoja kwa maneno ya kitabu, bila ya kumwendea padri, asidhani ya kwamba amepotea njia. Ameingia tu katika mrengo wa pili wa Kanisa lake mwenyewe.

Wanaoitetea siri wana hoja isiyopaswa kudharauliwa. Mtu aliyezongwa na ovu lake hatalisema mahali anapojua kwamba litamrudia. Mlango ukifungwa, haendi polisi badala yake, bali hunyamaza na kuendelea. Angalau katika kizimba yuko mmoja wa kumwambia acha. Kardinali Vincent Nichols, wakati huo Askofu Mkuu Mkatoliki wa Westminster, aliieleza tume ya uchunguzi wa unyanyasaji wa watoto kingono kwamba historia ya Kanisa lake ina watu waliouawa kwa kuilinda siri hiyo, akimaanisha kwamba tisho la mahakama si jambo jipya. Fauka ya hayo, muungamishi asiyemjua aliye nyuma ya pazia atapeleka polisi habari gani?

Udhaifu wa hoja hiyo haupo pale wapinzani wanapoupiga kelele. Hofu kwamba wabaya wanapanga foleni vizimbani kujisafisha kila Jumamosi ni ndogo kuliko hofu ya pili, nayo ni mtoto. Mtoto aliyenajisiwa hujiona mwenye najisi; huenda kwa padri akaungama kama dhambi yake jambo alilotendewa na mkubwa, na padri, kwa kuishika siri kama herufi, akamrudisha katika nyumba ile ile. Hapa siri haimlindi mwenye kutubu, kwani hakuna la kutubia; inamlinda mtu wa tatu ambaye hakuungama neno. Kamati ya Kanisa la Uingereza iliyokaa kulitazama suala zima la siri ilitoa taarifa yake mwaka 2019 bila ya kupatana, na sishangai.

Maungamo ya hadharani

Njia ya pili ni ya kwetu zaidi, na ndiyo yenye kusemwa vibaya zaidi na wasioijua. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa misheni ya Gahini nchini Rwanda, walikutana Namirembe, Kampala, na katika miaka iliyofuata uamsho wa Balokole, yaani waliookoka, ukaenea kutoka Rwanda na Uganda hadi Kenya na Tanganyika. Desturi yake kuu ilikuwa kutembea nuruni: ndugu walikutana, mmoja akasimama akaitaja dhambi yake kwa jina, bila ya kuizungushia maneno, na wengine wakaimba kumshukuru Yesu. Watu walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni yaliyosahauliwa, na wazungu wa misheni nao wakawaomba radhi Waafrika kwa kiburi chao, jambo ambalo katika zama zile za ukoloni lilikuwa si dogo. Wengine hawakulipenda: mwaka 1941 chuo cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26 wa uamsho huo waliokataa kunyamazishwa. Mwaka 1947 Joe Church na William Nagenda wakaja Uingereza na ujumbe wao, na kwa mara moja mkondo ukageuka, Mwafrika akawa anamfunza Mwingereza namna ya kutubu. Anayepita mbele ya Abasia ya Westminster akiinua macho juu ya mlango wa magharibi ataona, miongoni mwa mashahidi wa karne ya 20 waliowekwa mwaka 1998, sanamu ya Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwezi Februari 1977 katika utawala wa Idi Amin. Naye alikuwa mtu wa uamsho huo.

Fadhila ya njia hii ni kwamba inavunja unafiki na vyeo. Padri katika kizimba anasikia asisikilizwe. Katika kikao cha waliookoka askofu na mpishi wote wawili husimama. Tena jamaa iliyosikia kosa kutoka kinywani mwa mkosaji huweza kumsaidia asirudie, na haiwezi kusema baadaye kwamba haikujua.

Ila dawa hii hukolea ikawa sumu katika mambo mawili. La kwanza ni kwamba dhambi ya mtu aghalabu ina mwenziwe ndani yake, na anayesimama kutangaza zinaa yake ametangaza na ya mwanamke ambaye hakuulizwa. La pili ni uzito usio sawa. Watu wa Kilutheri kutoka Tanzania wanaijua vema desturi ya kutengwa na kurudi kundini, ambayo kwayo mtu aliyeanguka huzuiliwa Meza ya Bwana, hufundishwa, kisha hupokewa tena mbele ya usharika. Nia yake ni njema, yaani kumrudisha mtu wala si kumtupa. Lakini tazama ni nani anayesimama mbele. Msichana aliyepata mimba huonekana na watu wote. Mwanamume aliyempa mimba hana tumbo la kumshitaki, na mzee aliyekula fedha za usharika huambiwa aonwe ofisini. Uwazi unaomwangukia mnyonge peke yake hauitwi tena uwazi. London huongeza jambo jingine: aliyetubu mbele ya watu arobaini siku ya Jumapili, kabla ya jioni habari yake imekwisha fika Arusha na Kisumu kwa simu za mkononi, mahali ambako hakuna aliyesikia machozi yake ila wamesikia kosa tu.

Sitara na haki za waja

Uislamu hauna kizimba wala kikao cha namna hiyo. Muumini humtubia Mola wake moja kwa moja, kwa kujuta, kwa kuacha, kwa kuazimia asirudi, na kama kosa linamhusu mja mwenziwe, kwa kumrudishia haki yake au kumtaka radhi. Kujitangazia dhambi iliyositiriwa na Mungu ni jambo lililokemewa katika hadithi za Mtume, na kumsitiri mwenzio kukasifiwa. Katika jamaa za Khoja Shia Ithna-asheri waliotoka Afrika ya Mashariki na kujenga kituo chao Stanmore, kaskazini magharibi ya London, dua ya Kumayl husomwa usiku wa kuamkia Ijumaa, na katika dua hiyo umati mzima hukiri udhalili na dhambi kwa sauti, wengine wakilia, wala hakuna hata mmoja aliyelitaja tendo lake. Jambo hilo lina hekima ambayo watu wa maungamo ya hadharani wangeweza kuiazima: mtu anaweza kulia pamoja na wenziwe bila ya kufanywa habari ya mtaa.

Udhaifu ni pale sitara, iliyowekwa kwa ajili ya mja na dhambi yake ya siri, inapotandazwa juu ya dhuluma. Tume ile ile ya uchunguzi wa unyanyasaji wa watoto kingono, katika taarifa yake ya Septemba 2021 juu ya jumuiya 38 za dini mbalimbali Uingereza na Wales, iliona kwamba aibu, hofu ya kuvunjiwa heshima ukoo na kutoziamini idara za serikali huwafunga watu midomo. Si fundisho la Waislamu peke yao linaloharibiwa hivyo. Lakini walimu wa madrasa wana wajibu wa kulisema wazi kwamba hadithi ya kumsitiri aliyeteleza haimhusu anayeendelea kuwadhuru watoto wa watu, na wanazuoni hawakosi kulisema, ila hulisema kwa sauti ndogo kuliko wanavyoisema ile ya kwanza.

Mkono wa dola

Tume hiyo, iliyoongozwa na Alexis Jay, ilitoa taarifa yake ya mwisho Oktoba 2022, ikataka iwekwe sheria ya kuwalazimu watu wenye dhamana juu ya watoto kupeleka habari za unyanyasaji wa kingono wakiambiwa na mtoto au na mtendaji mwenyewe, na maungamo ya kidini yasipewe kinga. Februari 2025 serikali ikapeleka Bungeni muswada wenye wajibu wa namna hiyo. Nchini Australia jimbo la Victoria limeiondoa kinga ya maungamo tangu mwaka 2020. Na hata kabla ya hayo, mahakama za Uingereza hazijampa kasisi haki iliyo wazi ya kukataa kusema aliyoambiwa, kama alivyopewa wakili kwa habari za mteja wake.

Nguvu ya sheria ni kwamba haimjui askofu wala sheikh, na kwamba inamtoa kasisi katika mzigo wa kuamua peke yake usiku. Upungufu wake ni kwamba inafika kwa umbo moja mahali pote. Mhamiaji ambaye karatasi zake bado ziko kwa serikali husikia neno polisi kwa namna asivyolisikia mwenyeji; mama huhofu kwamba akimshitaki mume, watoto watachukuliwa na ustawi wa jamii. Hofu hiyo haiifanyi sheria kuwa mbaya, ila inaeleza kwa nini sheria peke yake haitoshi kuwafumbua watu vinywa.

Mizani

Kabla ya kuhukumu siri ya kitubio, turudi kwa Smyth, kwa kuwa kisa chake hutajwa kila siku na husomwa kwa nadra. Mwaka 1982 kasisi Mark Ruston wa Cambridge aliandika taarifa ya siri iliyoeleza vipigo vile kinaganaga. Nakala zikapewa watu wachache. Hakuna aliyekwenda polisi. Hawa hawakuambiwa katika kizimba, wala hawakufungwa na kanuni ya 1603. Wengi walikuwa watu wa mrengo usioyataka maungamo ya kizimba kabisa. Walinyamaza kwa barua na kwa mazungumzo ya ofisini, kwa hofu kwamba kazi ya Mungu ingeharibiwa jina. Mwaka 1984 Smyth akahamia Zimbabwe na kuanzisha makambi mengine. Desemba 1992 kijana wa miaka 16, Guide Nyachuru, akakutwa amekufa katika bwawa la kuogelea kambini. Kesi ikafunguliwa ikavunjika. Mwaka 2001 mtu yule akahamia Afrika ya Kusini, na mwaka 2018 akafa Cape Town bila ya kuhukumiwa popote. Siri ya mabwana wa Uingereza ililipwa na mtoto wa Kiafrika.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba wanaoelekeza mishale yote kwenye kizimba wanalenga shabaha ndogo. Siri ya kitubio na ibaki, lakini ibaki finyu kama ilivyokusudiwa: mtu anayekiri dhambi yake mwenyewe, kwa padri, kwa nia ya kutubu. Aliyoyasema mtoto juu ya aliyotendewa hayamo. Aliyoyasema mzee wa kanisa ofisini, katika kikao cha wazee, au kwa simu usiku, hayamo, hata akianza kwa maneno ya kwamba hii ni siri baina yetu. Na kwa anayekiri kosa zito la jinai, miongozo ya Kanisa la Uingereza kwa makasisi wake inaonyesha njia iliyo bora kuliko kufichua na kuliko kunyamaza, nayo ni kumtaka ajipeleke mwenyewe kwa wenye mamlaka, na kumzuilia ondoleo mpaka aonyeshe kwamba toba yake ni ya kweli. Najua kwamba mjanja atatoka hapo akatafuta padri mwingine. Lakini atakuwa ameambiwa.

Maungamo ya hadharani nayo yana nafasi, katika mambo ya mtu na nafsi yake, mali yake na kiburi chake, maadam hakuna mwingine anayevuliwa nguo ndani yake, na maadam viongozi wenye vyeo ndio wa kwanza kusimama.

Radhi ndiyo iliyo ngumu kuliko zote. Mdhulumiwa akiombwa radhi mbele ya umati unaomsubiri aseme nimesamehe, hajaombwa, ameamrishwa. Insafu inataka aombwe kwa mtu wa kati anayemwamini, apewe muda, na jibu lake, hata likiwa hapana, lisimwondolee nafasi yake katika jamaa. Na jambo hilo la nafasi ndilo linaloleta ugomvi mkubwa London kuliko Dar es Salaam. Ibada za Kiswahili hapa ni chache. Aliyeondolewa katika kundi linalosali kwa lugha yake hana jingine mtaa wa pili, na viongozi kwa huruma humwacha mkosaji aendelee kukaa kiti cha mbele, mpaka yule aliyedhulumiwa anaacha kuja mwenyewe, kimya kimya, kisha wanasema amepoa imani. Huruma hiyo imekwenda kwa asiyestahili. Mmoja wao lazima aswali au asali kwa Kiingereza miongoni mwa watu asiowajua, na ni mkosaji, hata akiwa ametubu toba ya kweli, hata akiwa ndiye aliyeianzisha jamaa yenyewe.